"Ndiyo" ya Jumatatu

Wiki imekwenda mbio. Sista mkuu kastaafu, jenereta imezimika mara mbili, Baba Watoto karudi kutoka Mtwara na kiroba cha korosho. Mimi bado niko Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye kile kitanda cha dirishani.

Mtoto alikuwa na siku mbili. Mikono inatetemeka hata usingizini, chafya mfululizo, kilio chembamba chenye makali. Mama yake ana miaka 17 na yuko kwenye methadoni, dawa anayokunywa badala ya unga (heroini), tangu mimba ya miezi mitano. Bibi, ambaye ndiye aliyemlea huyo binti, alikuwa anakunja kanga. Akasema bila kuniangalia, "Mtoto wa teja ni teja tu, sista. Mwogesheni mtakavyo."

Nikajibu upesi: "Hapana bibi, huyu si teja. Ana arosto tu."

Na ni kweli. Arosto ni mateso ya mwili uliozoea dawa ukiikosa. Teja anautafuta unga huku anajua unamuumiza. Kichanga hatafuti kitu. Alikuwa anapata dawa kupitia kondo la nyuma, kitovu kikakatwa, dawa ikakoma. Ila binti akageukia ukutani, akauliza taratibu: "Kwa hiyo anaumwa vile nilivyokuwa naumwa mimi?"

Nikasema, "Ndiyo. Lakini itaisha."

Ndiyo. Nimeirudia kwenye daladala, nimeirudia nikikosha masufuria. Mtu aliyewahi kulala na arosto sakafuni, mifupa inawaka na tumbo linakata, akishasikia "ndiyo" hasikii tena "lakini". Ningesema nini? "Kidogo"? Angejua nadanganya. Mchana ule akagoma kunyonyesha, akasema maziwa yake yana sumu.

Bibi naye akang'ang'ania binti apunguziwe dozi ya methadoni. Hili nimeshaliandika, narudia kwa ajili ya wadogo zangu wa wodi ya wazazi. Mjamzito anayetumia unga hakatishwi ghafla, maana arosto yake inaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Anahamishiwa methadoni, anainywa kila siku mbele ya mtoa dawa, na miezi mitatu ya mwisho mara nyingi dozi inapanda, kwa sababu mwili wa mjamzito unaichoma dawa haraka zaidi. Ukali wa arosto ya mtoto haupimwi kwa miligramu za mama. Na mtoto wa mama huyu akizaliwa amelegea, msimpe naloksoni, ile dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga. Inaiondoa dawa kwa mkupuo na degedege linaweza kufuata. Msaidieni kupumua.

Maziwa ya mama aliyetulia kwenye methadoni, asiyechanganya na unga wala pombe, hupitisha dawa kidogo sana. Anayenyonya hutulia mapema kuliko asiyenyonya. Nilimwambia hivyo Jumatatu saa nane. Hakuinua uso.

Faili lake nilishalisoma. Aliacha shule darasa la sita, akapelekwa mjini kufanya kazi za ndani, akapigwa, akafukuzwa usiku, unga akauanza ana miaka 14. Utafiti wa Felitti na wenzake kule Marekani, 1998, ulionyesha kuwa mtu mzima aliyepitia aina nne au zaidi za madhila utotoni yuko kwenye hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Ukikaa kitandani kwake huhitaji namba. Mtoto akilia, binti anaganda. Kwake kilio ni mtu mwingine anayemgombeza. Akiganda, mtoto hajibiwi, anazidisha kulia, naye anazidi kuganda. Mduara huo ukiachwa miezi, ndio unaokuja kuonekana kliniki: mtoto wa mwaka asiyemtazama mtu usoni. Kadi inasema uzito safi.

Jumatano, kabla sijafika, binti alikuwa amefunga kanga dirishani.

"Nani kakwambia?"

"Sista, ukiwa na arosto mwanga unachoma. Hata mtu akikugusa-gusa."

Nikakaa kimya. Alimfunga mtoto vizuri, mikono kifuani, akamlaza kifuani pake bila kuimba na bila kumtikisa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wengine huwa nawafundisha siku tatu hawakielewi, maana kila mtu anataka kumbembeleza, kumpuliza na kumsemesha kwa pamoja. Akaanza kumnyonyesha kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Tuna maswali matatu tu: ananyonya vizuri, analala walau saa nzima, anatulizika ndani ya dakika kumi? Ijumaa yote matatu yalikuwa ndiyo (hii nayo ni ndiyo), hakuhitaji matone ya morfini, na makalio yaliyochubuka kwa kuharisha yalikuwa yameanza kukauka kwa zinki. Tutawakalisha hadi siku saba zitimie, kwa kuwa arosto ya methadoni huweza kuchelewa.

Bibi alimtazama mjukuu wake muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ile bia aliyokuwa anampa kwenye mimba, "ya kuongeza damu", ina neno.

Wiki nzima tumeshindana juu ya unga, ambao arosto yake inaisha, na chupa zilikuwa kwa bibi. Pombe haina kiwango salama kwa mimba, na kile inachokiharibu kwenye ubongo hakirudi. Nimeangalia mdomo wa juu wa mtoto, na kile kifereji chini ya pua, ambacho pombe ya mimba inaweza kukifuta. Naona kipo. Hilo halitoshi kumtoa shaka, nimeandika kwenye kadi afuatiliwe.

Mama mkwe hajapokea simu tangu saa kumi. Jana ndiyo katolewa mtoto wa jicho, na namjua, atakuwa ameshakoka kuni.