Ushavuka Nungwi?

Watu wa hapa London huniuliza kwetu Pemba ni mbali kiasi gani. Kutoka Heathrow hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, ukipima moja kwa moja juu ya ramani ni kilomita 7,400 na kitu. Ndege ingeyakata masafa hayo kwa saa tisa hivi. Lakini mie sijapata kwenda moja kwa moja hata mara moja. Napitia Doha, wengine hupitia Addis Ababa au Istanbul. Doha iko mashariki zaidi kuliko Zanzibar, kwa hivyo unapitiliza kwanza halafu unarudi kusini, na njia nzima inafika karibu kilomita 9,000. Saa saba kasoro, kungoja, kisha saa sita nyengine. Nikiondoka jioni, nashuka Kisauni, kwenye uwanja huo, kesho yake mchana.

Hayo yote mamaangu hayamshughulishi.

Mara ya kwanza kurudi nilimpigia kutoka Doha. Nikamwambia kwa furaha, "Mama, imebaki ndege moja tu, halafu boti." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya mwanangu. Ukishavuka Nungwi nambie."

Mpemba yeyote anaelewa. Kutoka Unguja hadi Pemba, uwanja kwa uwanja, hazizidi sana kilomita 120. Lakini ukishaiacha Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kisiwa hakikukingi tena, na hapo mkondo una nguvu, khasa wakati wa kusi, upepo wa kusini. Ndiko ilikozama meli ya Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kuja Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Kwetu Wete hakukuwa na mtaa usio na msiba. Mama alikaa kwenye matanga ya nyumba tatu wiki ile. Tangu hapo, Ulaya kwake si mbali. Mbali ni pale.

Kwa ajili yake siku hizi sipandi boti. Nalala Unguja kwa dada, asubuhi nachukua ndege ndogo ya kwenda Chake Chake, Pemba. Ni nusu saa tu. Nakaa dirisha la kushoto, na baada ya dakika chache naiona Nungwi kwa mbali, mchanga mweupe, kisha maji yanageuka buluu nzito. Pale huwa nasoma Fatiha. Nimewahi kumuona mzee wa kiti cha mbele naye kainua mikono, hatukusemezana.

Desemba hii naja tena, inshaallah, wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini. Mama kashafagia chumba, kuku kashamchagua. Ila wali, anasema, hauteleki mpaka nimpigie nipo Chake.