Foleni isiyoonekana sokoni Triana

Treni ya kasi kutoka Madrid mpaka Sevilla yenyewe sina lawama, masaa mawili na nusu hivi umefika, reli ipo tangu 1992 walipofanya Expo, maonyesho ya dunia, ila bei jamani, ukichelewa kukata tiketi unaweza kulipa hata mara mbili ya mtu uliyekaa naye siti moja. Nilikuwa naenda kozi ya kiangazi ya walimu wa Kihispania. Kozi sitaisimulia, tulikaa, tukajadili silabasi, AC ilikuwepo, basi. Chumbani kwangu ndo haikuwepo, na Sevilla mwezi wa saba joto linapita nyuzi 40, unalipa hela ya kulala halafu hulali.

Kula nako ni kufilisika. Karibu na kanisa kuu kuna migahawa ukikaa meza za nje wanakuongezea hela kwenye bili kisa umekaa nje, na ukienda saa kumi na mbili jioni na njaa yako jikoni kumefungwa, wenyewe wanakula saa tatu, saa nne usiku (dikteta Franco alisogeza saa ya nchi nzima mbele mwaka 1940 na haijarudishwa mpaka leo, tumbo langu halikuambiwa). Nikasema ngoja nijipikie, nikavuka daraja la Isabel II nikaingia soko la Triana.

Kibanda cha samaki watu wamesimama ovyo tu, hakuna foleni, mmoja yuko kwenye simu, wawili wanabishana mambo ya mpira, bibi mmoja kaegemea kitoroli chake cha kununulia vitu. Nikaenda moja kwa moja kaunta. Mama muuzaji ananiona kabisa, macho kwa macho, halafu anamwita mtu aliye nyuma yangu. Akamaliza, akamwita mwingine. Mimi sentensi yangu iko tayari mdomoni, ile ile ninayowafundisha wanafunzi, quisiera medio kilo, por favor, yaani naomba nusu kilo tafadhali, imekaa na adabu zake zote na haina pa kutokea. Barafu inayeyuka inachuruzika kwenye viatu vyangu. Na ukiwa mweusi ugenini hapo unaanza kuwaza mengine.

Mara akaingia kijana, samaki hata hajawatazama, akauliza hewani: "¿El último?" Bibi wa kitoroli akainua kidole, "Yo." Kijana akasogea pembeni akatoa simu. Akaja mama mwingine akauliza vile vile, kijana akainua mkono. Kumbe foleni ilikuwepo muda wote, iko vichwani mwa watu! Ukiingia unauliza nani wa mwisho, ukishamjua unamfuata huyo, unaweza hata kwenda kununua nyanya ukarudi ukakuta zamu yako ipo. Asiyeuliza hayupo. Kwao mimi nilikuwa mtalii anayetazama samaki, na Triana watalii wa kutazama samaki hawakosi.

Bibi ndo aliniokoa. Zamu yake ilipofika akamwambia muuzaji huyu binti alikuwa hapa kabla yangu. "Dime, mi arma," yaani niambie, roho yangu. Nikatoa medio kilo yangu, mama akanikatiza, kwani mko wangapi? Niko peke yangu. Basi chukua "cuarto y mitá", yaani robo na nusu ya robo, gramu 375, kipimo ambacho miaka yote hii sijawahi kukiandika ubaoni. Akamimina boquerones kwenye mizani, samaki wembamba wanaong'aa, akapunguza mmoja, akamrudisha, akauliza nikusafishie? Kidole gumba kinapita chini ya kichwa, kichwa na utumbo vinatoka kwa mkupuo mmoja, na huku ananihoji Kihispania nimejifunzia wapi. Akajijibu mwenyewe: ah, wewe wa Guinea. Guinea ya Ikweta, waliitawala mpaka 1968 na Kihispania bado ni lugha rasmi huko. Muuza samaki anaijua, ila kitabu ninachofundishia kina Buenos Aires, kina Meksiko, kina milima ya Andes, Afrika haimo hata kwenye ramani. Hilo liliniuma kuliko bei ya chumba.

Kesho yake nikalitoa kozini suala la foleni. Mkufunzi mmoja akasema hayo ni mambo ya ngazi ya juu, B2 huko, wanaoanza wape sarufi kwanza. Nikabisha. Mtu wa B2 akirukwa atajitetea. Anayekwama kaunta ni wa A1, ndo kwanza anaanza, mwenye sentensi zake tatu, na zote tatu zinaanzia pale anapoulizwa anataka nini, mazungumzo yote ya vitabuni yanaanzia hapo hapo, kama vile muuzaji alikuwa amekaa anakusubiri wewe tu.

Kwa hiyo mtihani wa mdomo wa muhula ujao darasa lote litasimama ovyo, mimi ndo muuza samaki, na simwiti mtu ambaye hajauliza. Kinachonisumbua ni maksi. Kuna atakayesema quisiera bila kosa hata moja ila nani wa mwisho hakuuliza, na kuna atakayebwata "¿último?" bila hata el, akapata samaki wake akaondoka. Nani amzidi mwenzake? Mkuu wa taaluma anataka mwongozo wa usahihishaji kabla shule hazijafunguliwa, na safu ya alama mpaka sasa iko tupu.