Hata Yehu alidaiwa damu

Kila kiongozi akimwaga damu hakosekani mtu wa kutoa Warumi 13, mamlaka imetoka kwa Mungu, basi mjadala umeisha. Sawa, imeandikwa, ila mi nauliza hao manabii tunawaweka wapi?

Ya Nabothi wengi tunaijua, 1 Wafalme 21. Ahabu mfalme wa Israeli anataka shamba la mizabibu la Nabothi, mwenyewe hauzi maana ni urithi wa baba zake, mfalme mzima anajilaza kitandani kagoma kula, Yezebeli anaandika barua kwa jina la mumewe anapiga mhuri anawatumia wazee wa mji. Hapo kwa wazee ndo huwa tunapita mbio. Wakatangaza mfungo, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, yani kila kitu kwa utaratibu kabisa, na Ahabu hakushika hata jiwe moja. Lakini nabii Eliya anamfuata Ahabu huko huko shambani, umeua halafu umechukua na mali, mbwa wataramba damu yako. Ile ya "sikujua, ni watu wangu wa chini" haikupewa nafasi.

Ila anayenisumbua mimi ni Yehu, jemadari wa jeshi la Israeli. Huyu kapakwa mafuta na nabii kijana aliyetumwa na Elisha, kaambiwa aifute nyumba ya Ahabu, yani ukoo wake wote, kibali anacho, na kazi akaipiga kweli, akamuua Yoramu mwana wa Ahabu maiti ikatupwa kwenye kiwanja kile kile cha Nabothi, kisha vichwa vya wana 70 vikaletwa kwa makapu mji wa Yezreeli akaamuru vipangwe mafungu mawili langoni mpaka asubuhi. 2 Wafalme 10:30 inampa hadi sifa. Sasa fungua Hosea 1:4, vizazi vimeshapita na Mungu anaidai nyumba ya Yehu damu ya Yezreeli! Watu wanabishana sana kuhusu hiyo mistari miwili, mi naisoma hivi tu, kumtoa muuaji hakukupi leseni ya kuua utakavyo.

Na nabii Amosi naye hana upande. Moabu, taifa jirani, anahukumiwa kwa kuchoma mifupa ya mfalme wa Edomu, kesi ambayo Israeli haimo kabisa, Waamoni kwa kuwapasua wajawazito wa Gileadi ili waongeze mipaka, nahisi wasikilizaji wake Waisraeli walikuwa wanaitikia amina kwa nguvu mpaka alipowageukia wao wenyewe kwenye sura ya 2.

Zekaria, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Yehu, alikaa miezi 6 tu Shalumu akamuua hadharani, Shalumu akakaa mwezi mmoja akauawa na Menahemu, na huyo Menahemu mji wa Tifsa ulipokataa kumfungulia akawapasua wajawazito wake wote, dhambi ile ile ya Waamoni, safari hii mfanyaji ni mfalme wa Israeli. Akatawala miaka 10, akafa kifo cha kawaida, mwanae akarithi kiti, na mwaka wa pili tu mwanae naye akauawa na afisa wake mwenyewe.