Siku moja maishani mwangu: mafundi wawili, kiangazi kimoja cha Dodoma

Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikakoma Aprili, na miezi iliyobaki ni ukavu mtupu. Juni na Julai asubuhi zina baridi ya kuvaa sweta, kisha unaingia upepo wa vumbi, halafu Oktoba na Novemba joto linakaa juu ya mji kama kifuniko cha sufuria. Ajabu ni kwamba miezi hiyohiyo ndiyo kazi ya ujenzi inapochachamaa, maana kila mwenye nyumba anataka bati lipande kabla mvua haijashuka. Kwa hiyo fundi anabebeshwa haraka kubwa kuliko zote za mwaka katika jua kali kuliko yote ya mwaka. Hii ndiyo ratiba ya siku moja ya kazi katika kipindi hicho, kwa mafundi wawili wanaojenga pamoja kuta za tofali za saruji.

Saa 10:30 alfajiri

Kabla ya simu, kabla ya chochote, kuna choo. Mkojo ndio kipimo cha siku. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, jana ulikunywa maji ya kutosha. Ukifanana na juisi ya ukwaju, unaanza kazi ukiwa na deni, na deni la maji halilipwi saa 6 mchana, hulipwa sasa hivi: vikombe viwili polepole, si kwa mkupuo. Kisha uji wa ulezi wenye karanga za kusaga na chumvi kidogo. Anayetoka nyumbani na chai ya rangi pekee ataanza kutetemeka mikono saa 3.

Saa 10:45 mmoja anambipu mwenzake. Bipu moja maana yake nimeamka. Akijibu kwa bipu, basi, hakuna haja ya vocha. Asipojibu bipu ya pili, anapigiwa. Inaonekana jambo dogo, lakini kiangazi kinapokuwa kirefu na fedha ni za kusuasua, saa ya kuamka ndiyo kitu cha kwanza kuharibika. Mtu akianza kulala mpaka saa 1, jua linamkuta kazini hajagusa mwiko, na siku nzima anakimbizana nalo.

Saa 11:30

Njiani kuelekea saiti ya Nzuguni. Kila mmoja ana kidumu chake cha lita 5 kilichofungwa gunia lililoloweshwa. Hewa ya Dodoma ni kavu, hivyo maji ya kwenye gunia yanapokauka huondoka na joto la kidumu, na maji ya ndani hubaki baridi mpaka mchana, alimradi gunia lirashwe tena kila linapokauka. Dar es Salaam mbinu hii haifui dafu kwa sababu hewa ya pwani imeshiba unyevu.

Mavazi: shati jepesi la pamba la mikono mirefu na kofia ya pama inayofunika shingo. Fulana iliyokatwa mikono ni ya ujana tu. Ngozi iliyoachwa wazi huungua, na saruji ikichanganyika na jasho huichubua zaidi.

Saa 12:15 asubuhi

Jua ndilo linachomoza. Watu wa hapa watakusalimu "mbukwenyi", nawe uitike hata kama Kigogo chako kinaishia hapohapo.

Robo tatu ya saa ya kwanza hatujengi. Tunahamisha vitu vizito. Tofali moja la inchi 6 lina karibu kilo 30, na mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 9. Kazi ya kubeba ndiyo inayopandisha joto la mwili kuliko zote, kwa hiyo ifanywe wakati hewa bado ina ubaridi. Nondo nazo zikatwe na kukunjwa sasa, maana saa 6 hazishikiki bila glavu. Pipa la maji linasogezwa kivulini na kufunikwa. Mchanga uliofunikwa turubai usiku unabaki na unyevunyevu wake, na mchanga wenye ubaridi hutoa mchanganyiko usiokimbilia kukauka.

Kingine ni kupanga upande. Asubuhi kivuli cha ukuta huangukia magharibi, alasiri huangukia mashariki. Ukianza na upande wa magharibi na kuuacha wa mashariki kwa jioni, umejipatia saa kadhaa za kivuli bila kununua turubai. Wengi hawafanyi hivi kwa sababu kamba imeshavutwa upande mwingine tangu jana. Ivutwe upya.

Saa 1 hadi saa 4

Hapa ndipo ukuta unapanda. Mchanganyiko ni ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 5 za mchanga, na kiangazi hatuchanganyi mfuko mzima wa kilo 50 kwa mara moja. Nusu mfuko unatosha, uishe ndani ya saa moja. Kosa linaloonekana kila saiti ni hili: mchanganyiko umeanza kukaza, saidia fundi anaumwagia maji, unalainika, kazi inaendelea. Umelainika kweli, lakini nguvu imekwenda. Ulioanza kukaza hutupwa, na ndiyo maana uchanganywe kidogo kidogo.

Tofali nalo lina tabia yake. La kuchoma hulowekwa ndani ya maji kabla ya kujengwa. La saruji hurashiwa tu juu, kwa sababu likinywa maji mengi hutanuka, kisha hukauka ukutani, hunywea na kupasua maungio. Lakini likijengwa likiwa kavu na la moto, linanyonya maji yote ya mchanganyiko. Jaribu baada ya siku tatu kwa msumari: ungio likikwaruzika na kutoa unga, lilikosa maji. Unene wa ungio uwe milimita 10, pima maji (kile kifaa cha kupimia usawa) ipite kila kozi, ndiyo safu moja ya tofali, na kwa siku moja usivuke kozi 5 au 6, yaani mita 1.2 hadi 1.4. Ukuta mbichi uliorefushwa kwa haraka ya mwenye nyumba huelemewa na uzito wake, na upepo wa alasiri unamalizia.

Sasa maji ya kunywa, maana hapa ndipo wawili wanapokuwa bora kuliko mmoja. Kiasi ni kikombe cha robo lita kila dakika 20, takriban robo tatu ya lita kwa saa. Kusubiri kiu ni kuchelewa. Shida ni kwamba fundi akiingia kwenye mwendo wa kazi hahesabu dakika. Dawa yetu: kila karai la pili la mchanganyiko linakuja na kikombe, na anayekunywa hanywi peke yake.

"Umekunywa, kaka?"

"Niko sawa."

"Sikukuuliza kama uko sawa."

Jibu la "niko sawa" halikubaliki saiti hii. Wala usishindane kumeza lita mbili kwa pigo. Maji mengi mno bila chumvi nayo huleta kichwa kuuma na kichefuchefu. Jasho likiwa jingi sana tunachanganya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kurundika. Chumvi ikizidi, dawa imekuwa sumu. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari wake kwanza.

Saa 4 kuna chai na mihogo ya mama lishe, dakika 20, kisha kazi tena.

Saa 6:20 mchana

Katikati ya Oktoba jua hapa hupita karibu sawasawa na utosi, kivuli chako unakikanyaga. Adhana ya adhuhuri ndiyo king'ora chetu: kazi inasimama mpaka saa 9. Ndiyo, karibu saa tatu nzima. Wasimamizi wengine hununa, nasi tunawajibu kwa hesabu ya kozi: kozi ya saa 7 mchana hujengwa na mtu aliyelegea, kwa mchanganyiko unaokauka mikononi, na mara nyingi hubomolewa. Jambo hili lizungumzwe siku ya kupatana bei, lisisubiri siku ya kwanza ya joto.

Tunakaa chini ya mwarobaini, si ndani ya stoo ya bati. Kile kibanda cha kuwekea saruji kinatoa kivuli chenye joto la tanuri. Viatu vinavuliwa, kitambaa chenye maji kinawekwa shingoni, miguu inainuliwa juu ya tofali. Chakula ni ugali wa uwele kwa mlenda na dagaa, ambao una chumvi yake tayari. Sahani iwe ya wastani, kwani tumbo lililojaa pomoni halikuachi urudi kazini saa 9.

Halafu kuna mazungumzo, na hapa nitakaa kidogo. Kiangazi hakichoshi mwili tu. Malipo yanacheleweshwa, debe la mahindi linapanda bei, bomba linatoa maji kwa mgao, usiku haulaliki. Mtu hubadilika taratibu: utani unapungua, kila kosa la saidia fundi linakuwa ugomvi, hesabu ya tofali anarudia mara tatu. Ukimuuliza "habari?" atakujibu "nzuri", kwa sababu Kiswahili chetu kimelipanga jibu kabla ya swali. Hata aliyefiwa atasema nzuri kwanza. Kwa hiyo uliza swali lisilo na jibu la tayari. Jana ulilala saa ngapi? Umekula nini asubuhi? Yule mtoto ameshapelekewa ada? Akijibu kifupi, mwache, sogeza drafti mcheze. Kwenye mchezo wa tatu au wa nne atasema mwenyewe. Mwanamume wa saiti huongea vizuri zaidi macho yakiwa kwenye ubao kuliko usoni pa mtu.

Na kama tatizo ni fedha, sema kiasi. "Hali ngumu" haisaidiki, lakini elfu kumi ya gesi inasaidika. Sisi tunaweka kando kiasi kilekile kila siku ya malipo, na kila wiki anachukua mmoja. Ni upatu wa watu wawili, hauna katibu wala kikao.

Katika mapumziko hayahaya tunatazamana kwa dalili. Misuli ya tumbo au mapaja kukaza: apumzike, anywe maji ya chumvi na sukari. Kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi baridi yenye jasho jingi: alale kivulini, miguu juu, na kazi yake kwa leo imeisha. Lakini akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi au kuzimia huku mwili ni wa moto, hiyo ni hatari ya kufa, awe anatoka jasho au hatoki. Mwagieni maji mwili mzima mara moja, mpepeeni, wekeni vitambaa vya maji shingoni, kwapani na kwenye nyonga, huku usafiri wa kwenda hospitali unatafutwa. Asiyejitambua hanyweshwi kitu. Mtu wa namna hii hawezi kujitambua mwenyewe kwamba anaumwa, akili ndiyo ya kwanza kupotea. Ndiyo sababu hatukubali fundi kubaki peke yake saiti mwezi wa kumi.

Mgeni aliyetoka mkoa wenye baridi, Njombe kwa mfano, apewe kazi nyepesi siku za mwanzo na kuongezewa kidogo kidogo. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea.

Saa 9 alasiri

Upande wa mashariki sasa una kivuli. Kazi za saa hizi ni za mkono mwepesi: kusafisha maungio, kufunga mbao za linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupiga lipu kidogo. Lipu ni saruji 1 kwa mchanga 4, unene milimita 12 hadi 15, na ukuta urashiwe kwanza. Upepo ukivuma moja kwa moja, tundika turubai. La sivyo, uso unakauka kabla ya ndani, na kesho utakuta nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Zege la jamvi, ile sakafu ya chini, hatumwagi kabisa saa hizi, linasubiri alfajiri.

Saa 11 jioni

Kumwagilia. Kazi hii haina heshima, na ndiyo inayoamua kama jasho la asubuhi lina maana. Saruji hukomaa kwa maji, haikomai kwa kukauka. Jamvi na linta zifunikwe magunia yaliyolowa na yabaki mabichi siku 7 mfululizo, kuta zirashwe asubuhi na jioni. Usimwage maji ya baridi juu ya zege linalounguza saa 7 mchana, mshtuko huo nao hupasua. Jumapili hatujengi, lakini magunia hayajui Jumapili, kwa hiyo tunapokezana: wiki hii zamu yangu, wiki ijayo yake. Aliye zamu anatuma picha ya gunia bichi, mwenzake analala usingizi wake.

Saa 1 usiku na kuendelea

Kuoga kwa nusu ndoo, kisha maji ya kunywa tena kabla ya chakula. Baada ya siku kama hii bia haikati kiu, inaongeza safari za chooni. Anayetaka moja anywe maji kwanza.

Bati lililopigwa na jua kutwa huendelea kushusha joto ndani mpaka usiku wa manane. Tunafungua madirisha yenye wavu jua likishazama, tunarasha sakafu, na godoro linashushwa chini, maana joto hukaa juu. Chandarua kinabaki. Saa 3:30 bipu ya mwisho: nimefika, nimekula, nalala. Kidumu kinajazwa na kuachwa nje dirishani kimefungwa gunia bichi, na saa 10:30 alfajiri maji yake ni baridi kuliko ya mtungi.