Nilivyosimamia maji ya kambi baada ya tetemeko, na kosa lililotaka kutuangusha

Naandika hii kwa yeyote atakayejikuta kakabidhiwa tenki la maji na kopo la klorini siku chache baada ya tetemeko kubwa, maana mimi ndo ilivyonikuta. Sikuwa injinia wa maji. Nilikuwa mhudumu wa afya ya jamii, nimepitia mafunzo ya maji na usafi ya muda mfupi tu, basi wakati wataalamu wote wako kwenye kifusi na hospitali mtu akanionyesha tenki akasema hili ni lako.

Na nawaelewa waliokuwa kwenye kifusi. Siku za kwanza kabisa kazi ndo iko huko, mifupa iliyovunjika, vidonda vichafu vinavyohitaji chanjo ya pepopunda, na wale waliobanwa miguu masaa mengi chini ya ukuta, ukiwatoa bila kuwapa maji ya mshipa mapema sumu ya misuli iliyopondeka inaingia kwenye damu, figo zinagoma, moyo unaweza kusimama. Hao hawasubiri. Lakini wakati hayo yanaendelea, watu wasioumia wamejaa uwanjani, nyumba zimepasuka, ardhi bado inatikisika kila baada ya muda na hakuna anayekubali kulala ndani. Kwetu walikuwa kama familia mia tatu, weka watu 1,500, na bomba la mji limekatika sehemu sijui ngapi.

Hesabu ya kwanza niliifanya kwenye kipande cha boksi. Viwango vya kimataifa vya misaada, vile vya Sphere, vinasema mtu mmoja lita 15 kwa siku, ya kunywa kupika na kunawa. Watu 1,500 mara 15 ni lita 22,500. Lori lilikuwa linaleta lita 10,000 mara moja kwa siku, yaani kila mtu hafikishi hata lita 7. Bomba moja linatakiwa lisizidi watu 250, kwa hiyo tulihitaji sita na tulikuwa nayo mawili, foleni inaanza alfajiri mpaka giza. Nikapambana kupata safari ya pili ya lori na mabomba manne zaidi, tukapata, na hapo nikajiona nimemaliza kazi. Nilikuwa sijaianza.

Siku ya pili ya maji mengi watu wakaanza kuyakataa. Bibi mmoja ambaye hema lake lilikuwa jirani na tenki akaja na kikombe chake akaniambia, mwanangu, maji haya yananuka hospitali, mjukuu wangu kayatema, mimi mwenyewe macho yananiwasha nikinawa uso. Nikamjibu kwa upole kabisa kwamba bibi ni dawa hiyo, ndo inaua vijidudu, mtazoea. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba watu wanalalamika harufu ya klorini na kazi yetu ni kuwaelimisha.

Nikaenda kupima, niseme ukweli nilipima. Kile kiboksi kidogo cha plastiki unachojaza maji, unatia kidonge, unatikisa, maji yakigeuka pinki ujue klorini ipo, na kadri pinki inavyokolea ndo klorini inavyozidi, unalinganisha na rangi za pembeni. Lengo ni 0.5 miligramu kwa lita pale bombani. Nikatia kidonge, nikatikisa, pinki ikapita kama kivuli hivi halafu ikapotea, maji meupe. Nikarudia, meupe. Nikasema basi klorini haipo, harufu ni ya tenki jipya la plastiki. Nikaongeza dawa. Nikapima tena, meupe. Nikaongeza tena. Nilikuwa na hofu ya kipindupindu kichwani maana wote tulikuwa tunaijua habari ya Haiti, tetemeko la 12 Januari 2010 halafu Oktoba mwaka huohuo kipindupindu kikaingia, wakaja kuugua watu zaidi ya laki nane na kufa karibu elfu kumi. Ukiwa na hiyo kichwani mkono unakuwa mwepesi kuongeza.

Watu hawakugombana na mimi. Waliondoka tu na madumu yao kwenda kwenye kisima cha zamani nyuma ya uwanja, kisima ambacho tetemeko lilikipasua ukuta wa ndani na maji yake yamegeuka kama chai ya maziwa, na mita chache kutoka hapo ndipo watu walikuwa wanajisaidia usiku kwa sababu vyoo vilikuwa havijatosha. Niliiona foleni ya bombani imepungua, nikafurahi nikidhani mabomba mapya yamefanya kazi. Nikiikumbuka ile furaha hadi leo naumia.

Kilichoniamsha ni daftari la hema la afya. Nilikuwa napita kila jioni kuangalia tu, watoto wa kuharisha waliandikwa watatu, kesho yake wanne, siku iliyofuata kumi na moja. Hakuna damu kwenye choo, ni maji maji, watoto wamelegea macho yameingia ndani. Nesi akaniuliza swali moja tu, hawa wanakunywa maji gani? Nikasema ya tenki. Akawaita mama watatu pale pale, wote wakajibu kisimani.

Usiku huo nikampigia fundi maabara mmoja mtu mzima, amefanya kazi ya maji miaka mingi, nikamweleza naweka klorini haionekani. Akaniuliza, ile pinki ilipita kidogo ikapotea? Nikasema ndio. Akanyamaza kidogo halafu akasema, chukua maji ya tenki sehemu moja, changanya na maji ya chupa sehemu tisa, pima tena. Nikafanya hivyo na tochi mdomoni. Ikaja pinki nzito karibu na 3. Zidisha kwa kumi, 30! Klorini ikizidi sana inaichubua ile rangi yenyewe, kwa hiyo kipimo kinakuonyesha meupe kama vile hakuna kitu kumbe umejaza. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa 5 kwa maji ya kunywa na watu wengi wanaanza kuihisi ladha mapema kabla ya kufika hapo. Pua ya bibi ilikuwa sahihi na kipimo changu nilikisoma vibaya.

Chanzo tulikipata asubuhi. Dereva wa lori alikuwa ameambiwa na watu wa kule anakojazia aweke dawa, akawa anamwaga karibu nusu kilo ya unga, hajui na mimi naweka yangu, mimi sijui yeye anaweka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mmoja alikuwa analinda watu. Tukakubaliana pale pale kwamba lori linakuja bila dawa, anayetia ni mtu mmoja tu kwa zamu, na juu ya tenki tukaweka kiubao tukachora kwa chaki safu tatu, saa, kiasi kilichowekwa, kipimo baada ya nusu saa. Hicho kiubao cha chaki kilitusaidia kuliko semina yoyote. Maji yale makali hatukuyamwaga, maji ni maji, tuliyatumia kusuuzia madumu na kuoshea vyoo.

Dozi yenyewe niiandike hapa maana nilihangaika kuipata. Unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 15 kwa lita moja ya maji, hiyo inakupa mchanganyiko wa asilimia 1. Unautunza kwenye chombo kisichopitisha mwanga, mbali na jua, unatengeneza mwingine mara kwa mara maana unapoteza nguvu, na ule unga usiuweke karibu na mafuta wala tindikali. Lita 2 za mchanganyiko huo kwenye tenki la lita 10,000 ni kama miligramu 2 kwa lita. Kiasi gani hasa unahitaji inategemea maji yako, kwa hiyo unajaza ndoo nne za lita 20, unatia kwa sirinji mililita 4, 6, 8 na 10, unasubiri nusu saa, unapima kila moja, ile iliyobakiza kama 0.5 ndo dozi yako. Usikadirie kwa jicho.

Sasa kisimani. Kuna waliotaka kifungwe kwa mabati na mlinzi akae, nikakataa, maana watu hawatuamini kwa wakati ule, ukiwafungia wataenda mtoni. Tukawaweka vijana wawili wa kambi pale kisimani toka asubuhi hadi jioni, sirinji mkononi, kila dumu linalojazwa linachujwa kwa kitambaa safi na kutiwa dawa hapo hapo, unamwambia mama subiri nusu saa ndo unywe. Maji ya kisima yale machafu yalikuwa yanameza dawa, yalihitaji mililita 8 wakati ya lori 4 zilitosha. Sio suluhisho zuri, maji yenye matope klorini inafanya kazi kwa shida, lakini ilitupa siku za kupumua.

Halafu nikaenda kwa bibi. Nikamwambia ulikuwa sahihi bibi, dawa ilizidi mara nyingi, kosa ni letu. Hakunisema. Akasema nionyeshe hicho kidude. Nikampa akatia kidonge mwenyewe, akatikisa, pinki nyepesi ikaja, akakiinua juani na wamama wakajaa kuangalia. Akanywa kikombe kizima mbele yao. Siku ile ile foleni ya bomba ikarudi. Sitaki kudanganya kwamba ni elimu yangu iliyowarudisha, walirudi kwa sababu ladha ilibadilika na mtu wanayemwamini alikunywa.

Tukadhani tumemaliza, nesi akasema pimeni kwenye mahema. Bombani 0.5, ndani ya mahema mengi sifuri. Madumu yalikuwa na utelezi ndani, na watu wanachota kwa vikombe na mikono imo. Tukawa tunayasugua kwa kutia changarawe na dawa kidogo unatikisa mpaka utelezi utoke, na tukagawa ndoo zenye mfuniko na koki. Hii kazi ya kuzunguka hema kwa hema ilituchukua muda mwingi kuliko tenki na nadhani ndo iliyofanya kazi kubwa zaidi.

Vyoo sitaeleza kwa urefu, kwa dharura ni kimoja kwa watu 50 halafu unashuka taratibu mpaka 20, kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, na kabla hujachimba waulize wanawake, sisi tulivijenga pembeni gizani hakuna mwanamke aliyekwenda usiku mpaka tulipoweka taa na komeo kwa ndani.

Kitu kingine kilichotuibia nguvu ni uvumi wa maiti. Kila siku mtu anakuja anasema miili iliyo chini ya kifusi italeta kipindupindu, tumwage dawa yote huko, zikeni haraka kwenye shimo moja. Waliokufa kwa kuangukiwa na ukuta walikuwa wazima asubuhi yake, hawana kipindupindu cha kutoa. Wanaobeba miili wavae glavu na wanawe, na mwili usikae kwenye chanzo cha maji, basi. Hata Haiti kilichopeleka ugonjwa ni kinyesi kilichoingia mtoni kutoka kwenye kambi ya walinda amani. Kuzika watu kwa haraka bila majina kunawaumiza ndugu miaka yote iliyobaki, nililisema hili kwenye kila kikao na nitaendelea kulisema.

Wale watoto kumi na moja wote walipona, walinyweshwa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, na vidonge vya zinki, wawili tu walihitaji dripu. Pakiti zilipoisha nesi alikuwa anawafundisha mama kutengeneza wenyewe, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha sio vya mlima, unampa kidogo kidogo na kunyonyesha kunaendelea. Daftari lilishuka polepole, saba, tano, tatu, likakaa hapo.

Wiki nyingi baadae bomba la mji likakaribia kurudi, nikaanza kuwakabidhi wale vijana wawili kazi ya tenki. Asubuhi moja bibi akaja tena na kikombe, nikajua leo imezidi. Akasema, leo hayanuki kabisa, mmeweka kweli? Kijana akaangalia kiubao, namba ya saa kumi na mbili ilikuwa imeandikwa vizuri. Akapima mbele yake hata hivyo, na ikaja 0.1.