Siku moja maishani mwangu: kumtii Mungu kwa moyo wote, kuanzia stoo hadi kitandani

Saa 11:30 alfajiri. Biblia na daftari dogo kwanza, simu baadaye. Mistari kumi hadi kumi na mitano inatosha, nikiisoma mara mbili. Nikisoma sura tatu kwa haraka nabaki na hisia nzuri tu, bila agizo la kulifanyia kazi.

Kabla ya agizo huja shukrani. "Mkinipenda, mtazishika amri zangu" (Yohana 14:15) ni maneno aliyoyasema Yesu usiku uleule aliowaosha wanafunzi miguu. Alitangulia yeye kupenda. Anayegeuza mpangilio huu huiona siku nzima kama mtihani, na ikifika jioni ama anajivuna ama anakata tamaa.

Kisha naandika jambo moja, na lazima liwe na kitenzi, mtu na saa. "Niwe mpole" halifai. "Saa 4, dereva akilalamikia mzigo uliopungua, nimsikilize mpaka amalize ndipo nijibu" linafaa. Agizo lisilo na saa huzeekea daftarini.

Saa 12:45, njiani. Narudia mstari wa asubuhi kimoyomoyo. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati zenyewe: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Sura hiyohiyo ndiyo yenye "Sikia, Ee Israeli", na kitenzi cha Kiebrania kilichotumika, shama, hubeba kusikia na kutii kwa pamoja. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Tukisema mtoto hasikii, hakuna anayedhani masikio yake ni mabovu.

Saa 2:00, stoo ninakofanya kazi. Kwenye kitabu cha mahudhurio naandika saa niliyofika, hata kama waliotangulia wameandika saa wanayotamani wangefika.

Halafu mizani. Hapa ndipo utii unapoacha kuwa wimbo. Nafuta vumbi chini ya sahani, nahakikisha mizani imekaa sawa sakafuni, nasubiri isome sifuri ikiwa tupu. Naweka jiwe la kilo 20 katikati, kisha kwenye kila pembe, maana mizani ya sahani inaweza kusoma sawa katikati na kudanganya pembeni. Chombo kitupu nakipima peke yake, na uzito wake nautoa kwenye jumla. Kosa la kawaida ni kukisia uzito wa chombo kwa sababu "vyote vinafanana". Havifanani: chombo chenye unyevu ni kizito kuliko kikavu, na tofauti hiyo kuna mtu anailipia. Walawi 19:36 inadai mizani ya haki na mawe ya haki. Anayeomba saa nzima alfajiri kisha akakwepa dakika tano za kukagua mizani amechagua sehemu ya utii inayompendeza.

Saa 5:00. Mkuu ametoka. Kasi ya kazi haibadiliki, na mizigo ya nyuma kabisa inahesabiwa kama ile ya mlangoni. Wakolosai 3:22 inaita kinyume cha hili utumwa wa macho. Aya hiyo waliandikiwa watumwa, watu wasio na mshahara wala haki ya kuacha kazi, kwa hiyo kisingizio cha "wananilipa kidogo" hakina pa kusimama.

Saa 7:00, mapumziko. Muda wa kupatana. Kama mimi ndiye niliyekosea, Mathayo 5:23-24 inanituma niende, hata kama sadaka iko tayari madhabahuni. Kama nimekosewa, Mathayo 18:15 inanituma pia, tena tukiwa wawili peke yetu. Kwa vyovyote vile mwenye kuanza safari ni mimi. Kuomba radhi kuna sehemu tatu: kulitaja kosa kwa jina lake, kukubali bila "lakini", na kuuliza kinachohitaji kurekebishwa. "Samahani kama nilikukwaza" haihesabiki, kwa kuwa hiyo "kama" inarudisha kosa kwa aliyekosewa.

Hapa ndipo wengi hubadilisha bidhaa: badala ya kwenda, wanaongeza maombi au sadaka. Sauli alifanya hivyo katika 1 Samweli 15. Aliacha wanyama walio wazuri, akasema ni wa kutolewa dhabihu, naye Samweli akamjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu.

Saa 9:00. Jaribu gumu kuliko yote: mkuu kuniambia niandike idadi isiyo ya kweli. Matendo 5:29 iko wazi, kumtii Mungu kuliko wanadamu, lakini namna ya kukataa nayo ni sehemu ya utii. Danieli katika sura ya 1 ya kitabu chake, alipotakiwa kula chakula cha mfalme, hakumfokea msimamizi. Alimwomba kwa upole, akapendekeza jaribio la siku 10. Kwa hiyo: "Samahani mkuu, nitaandika kilichopo, kisha niambatanishe maelezo ya upungufu ili ofisi ione chanzo." Sauti ya chini, pendekezo mkononi. Linaweza kukataliwa, na gharama ikawa yangu. Anayesubiri njia isiyo na gharama ataandika uongo kabla ya saa 10.

Saa 11:00 jioni. Kufunga hesabu, kukabidhi funguo, kurudi. Nyumbani utii hauna cheo: aliyevumilia wateja mchana kutwa asiwamalizie hasira walio wake.

Saa 3:00 usiku. Daftari tena. Safu tatu: nimefanya, nusu, sikufanya. Ya kuchunguza zaidi ni ya katikati. Mfalme Amazia (2 Nyakati 25:2) alifanya yaliyo mema, ila si kwa moyo mkamilifu, na mtu wa namna hiyo hajigundui upesi. Pembeni ya kila "nusu" naandika sababu kwa neno moja: hofu, uvivu, au macho ya watu. Natubu kwa kulitaja jambo lenyewe, 1 Yohana 1:9, ahadi ya msamaha kwa anayeungama, ikiwa mkononi. Siongezi maagizo mawili kesho kufidia la leo. Hilo ni deni la kujitungia, na msamaha haulipwi kwa awamu. Ila kilichochukuliwa kinarudishwa, kama alivyofanya Zakayo mtoza ushuru (Luka 19:8).

La nusu linahamia ukurasa wa kesho, likiwa na mtu yuleyule na saa mpya.