Friwei siyo barabara ya bure

Neno friwei tunalisikia kila siku, kwenye muvi za Marekani, kwenye habari za foleni za Los Angeles, kwa ndugu walioko huko wanaokwambia nipo friwei nitakupigia baadaye, na karibu kila ninayemuuliza maana yake ananijibu ni barabara isiyolipiwa. Simlaumu mtu, frii imeshazoeleka kuwa ni bure, wifi ya frii, tiketi ya frii, kwa hiyo na barabara nayo watu wanaiweka humohumo. Lakini hapana. Frii ya hapa ni ya uhuru, na swali ni uhuru wa nani.

Neno lenyewe lina mwenyewe. Mwaka 1930 mwanasheria wa New York, Edward M. Bassett, aliandika makala kwenye jarida la mambo ya miji akapendekeza aina mpya ya barabara na akaipa jina hilo. Bassett hakuwa mtu wa lami na zege, alikuwa mtu wa sheria za ardhi, mmoja wa walioongoza kazi iliyozaa kanuni za mipango miji za New York za 1916, kwa hiyo tatizo aliloliona lilikuwa la kisheria kabisa.

Kwa sheria zilizokuwepo, ukiwa na kiwanja kinachopakana na barabara ya umma unapata haki ya mwanga, haki ya hewa, na haki ya kuingia na kutoka. Na siyo hisani, inahesabika kama mali yako. Manhattan walipojenga reli za juu kwenye nguzo, treni zikawa zinapita mbele ya madirisha ya watu na moshi wake na giza lake, mwenye jengo mmoja akaenda mahakamani na mwaka 1882 mahakama ya rufaa ya New York ikamuunga mkono kwamba kilichochukuliwa pale ni mali yake, huwezi kukichukua bila fidia.

Sasa ilete haki hiyo kwenye barabara kuu ya magari uone. Kila mwenye kiwanja anafungua geti lake, huyu sheli, yule duka, mwingine hoteli, gari moja linakata kuingia, lingine linatoka kinyumenyume, na haiwei mpya iliyojengwa kwa hela nyingi inageuka mtaa wa maduka ndani ya miaka michache tu. Zilikuwepo pakiwei, kama Bronx River Parkway iliyokamilika 1925, ambako pembeni kote ni ardhi ya bustani ya umma hivyo hakuna jirani wa kudai geti, ila zile ni barabara za matembezi ya magari madogo. Bassett akasema kinga ileile tuihamishie kwenye barabara ya safari, malori yakiwemo. Kwa maelezo yake friwei ni ukanda wa ardhi ya umma wa kupita tu, ambao wenye viwanja vya pembeni hawana haki ya mwanga wala hewa wala kuingia.

Yaani barabara iliyowekwa huru kutoka kwa majirani zake! California ikaja kuweka maana inayofanana na hiyo kwenye sheria yake ya 1939, haki ya kuingia ndiyo kiini, na hela haitajwi popote kwenye maana hiyo. Ndiyo maana tangu 1995 huko Orange County kuna leni za kulipia katikati kabisa ya friwei ya 91, bei inapanda na kushuka kulingana na saa, na bado ni friwei halali maana hakuna geti la mtu linalofungukia pale. Neno linalobeba tozo tangu asili ni jingine, tanpaiki, la kutoka Uingereza, ambalo lilikuwa kizuizi cha miti kinachofunga njia na ukishalipa kinazungushwa upite.

Napenda pia kisa cha Arroyo Seco Parkway, ya Los Angeles kwenda Pasadena, iliyofunguliwa Desemba 1940. Mwaka 1954 wakaibatiza Pasadena Freeway, 2010 wakairudishia jina la kwanza, na kwa kuwa malori makubwa hayaruhusiwi pale, mimi naona kwa hesabu za Bassett jina la pakiwei ndilo lake hasa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba neno linasikika tamu sana upande wa dereva, wakati uhuru wake umekatwa kutoka kwenye haki ya mtu mwingine. Mwenye kiwanja angalau serikali inainunua haki yake. Mpangaji je, ambaye hana kiwanja na nyumba anayokaa inabomolewa? Los Angeles walipotaka kupitisha Century Freeway kwenye mitaa ya watu, wakazi waliungana wakafungua kesi mwaka 1972, ujenzi ukasimamishwa, na makubaliano yaliyofuata yakailazimu serikali kujenga nyumba nyingine za kufidia zilizoondolewa. Barabara ilifunguliwa Oktoba 1993, ikiwa na nafasi ya reli ya abiria katikati yake.